Kiti cha Dukani na Njia ya Baharini
(Hotuba iliyotolewa katika sherehe za maadhimisho ya hekalu letu)



Nimeombwa niseme machache kuhusu mazoezi ya mwili. Mimi si daktari. Nimeuza vitambaa maisha yangu yote. Lakini huenda ni vyema azungumze mwenye duka, kwa sababu maradhi ninayotaka kuyataja yameingia majumbani mwetu kupitia kiti cha dukani.

Tuitazame siku yetu. Asubuhi chai ya maziwa yenye sukari tele na ganthia. Kisha gari hadi dukani. Kisha saa kumi kitini, huku vijana wetu wa kazi ndio wapandao ngazi na kubeba marobota. Jioni gari tena, chakula saa tatu usiku, na kitanda. Wazee wetu walikula samli hiyo hiyo, ila wao walitembea.

Wataalamu wanatueleza kwamba sisi wenye asili ya Bara Hindi hupatwa na kisukari mapema, na kwa uzito mdogo kuliko watu wa Ulaya. Wembamba si kinga. Kaka yangu alikuwa mwembamba, nasi tulimwonea wivu. Alifariki akiwa na umri wa miaka 54, kalamu mkononi, daftari la mikopo limefunguliwa mbele yake. Hakuwahi kupimwa sukari hata siku moja.

Miezi iliyofuata sikupata usingizi. Nilifungua duka, nikaketi kwenye kiti kile kile, nikawakaripia wateja wasio na kosa. Ndipo alfajiri moja, baada ya swala, jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya reli, akanigongea mlango. "Ndugu yangu, vaa viatu twende baharini." Hakunihubiria habari za afya. Tulitembea kimya tukarudi. Kesho yake akagonga tena, na kesho kutwa. Katika wiki ya tatu nilimlilia kaka yangu kwa mara ya kwanza, pale pale barabarani, na mzee akasimama akiyatazama mawimbi mpaka nilipomaliza. Usiku ule nililala.

Baadaye daktari alinifahamisha kilichokuwa kikitendeka. Msuli unapofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu hata pale insulini inapokuwa imedhoofu. Ndiyo maana matembezi mafupi baada ya chakula yana faida kubwa. Shinikizo la damu hupungua, moyo hupata nguvu, na majonzi nayo hupungua uzito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo wa kuhema kidogo huku ukiweza kuzungumza.

Wala jambo hili si geni kwetu. Tunalizunguka hekalu kwa miguu. Tuna surya namaskar yenye mikao 12. Tuna garba, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2023. Ingawa, kama mfanyabiashara, lazima niseme kwamba usiku tisa wa Navratri hauwezi kulipa deni la mwaka mzima. Gandhiji alikuwa na umri wa miaka 60 alipotembea kutoka Sabarmati hadi Dandi mwaka 1930, takriban kilomita 385 kwa siku 24. Wapo humu wenye umri huo wanaowasha gari kuja hekaluni kutoka mtaa wa pili. Nami nilikuwa mmoja wao.

Akina mama wameniambia kwamba wao hawakosi nia, wanakosa wenzao wa kutembea nao gizani. Nawaomba wanaume wa nyumba hizo wajipikie chai yao wenyewe asubuhi.

Kamati imekubali geti la uani lifunguliwe saa kumi na moja na nusu alfajiri kila siku, kwa waumini na majirani sawia. Mwenye dawa za moyo au za sukari amwone daktari wake kwanza. Mzee wangu wa reli sasa magoti yanamsumbua, hivyo sisi wawili tunaishia kwenye benchi la kwanza. Kesho atakuwapo getini.