Mbung'o, Mwitu na Ng'ombe wa Uzigua



Yako maarifa yaitwayo ikolojia, yaani elimu ya viumbe na makao yao. Mwenye elimu hii hamtazami mdudu peke yake. Hutazama kivuli akaamo, damu anyonyayo, na kazi ya wanadamu katika nchi ile. Huhesabu, huandika, hulinganisha mahali na mahali, majira na majira.

Na tutwae mfano wa mbung'o. Jike lake huzaa funza mmoja tu kwa mara, naye hujichimbia katika udongo wenye kivuli. Basi penye mashamba meupe hapati makao. Penye vichaka hustawi.

Wazee wa Handeni walifuga ng'ombe, kwani walilima, walichoma majani, mwitu ukakaa mbali. Katika miaka ya 1890 zikaja sotoka na njaa. Kisha vita vya 1914 hadi 1918 vikawachukua watu kuwa wapagazi. Na mashamba ya katani ya Korogwe yakataka vibarua. Watu walipopungua mwitu ulirudi, mbung'o akafuata, na nagana ikaua ng'ombe.

Je, tuseme Mzigua hajui kufuga? Hasha! Nasi makarani tunayo sehemu yetu. Tujazapo hesabu ya ng'ombe waliokufa, tusiandike "uvivu" kabla hatujauliza: watu walihama lini, na vichaka vilirudi lini? Hesabu isiyouliza sababu humhukumu asiye na kosa.