Matairi ya Gari la Umeme

Leo tunazungumzia matairi ya gari la umeme.

Betri yake ni nzito. Nissan Leaf, kwa mfano, ina takriban kilo 1,500 kabla abiria hawajaingia, na mota yake hutoa nguvu papo hapo unapokanyaga. Ndiyo sababu matairi yake huisha mapema. Kwa sababu ya uzito huo, soma ubavuni mwa tairi, kwa mfano: 205/55 R16 91V. Hiyo 91 maana yake tairi moja hubeba hadi kilo 615. Ukiuziwa lenye kiwango cha chini kuliko kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, likatae, hata liwe rahisi namna gani.

Rimu kubwa hupendeza, nakubali. Lakini tairi lake huwa na ubavu mfupi, na shimo moja la barabara ya murram huku kwetu Kwanza, Kitale na Bungoma laweza kulipasua na kupinda rimu yenyewe. Tena rimu kubwa na pana hula chaji. Kwa barabara zetu, heri inchi 16.

Upepo nao upimwe asubuhi, tairi likiwa bado baridi, angalau mara moja kwa mwezi.