Bingwa Aliyegeuka Mwalimu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Chama chetu chataka kuunda kikosi cha dansi, jozi nane zitakazocheza kama mtu mmoja, nanyi mmeniomba niwe mwalimu wake. Kabla sijajibu, nipeni ruhusa niwasimulie habari za Bwana Victor Silvester wa Uingereza.

Alizaliwa mwaka 1900 huko Wembley, mtoto wa kasisi. Mwaka 1922 yeye na Bibi Phyllis Clarke walishinda mashindano ya dansi ya dunia yaliyofanyika London. Mwaka 1924 alishindana tena, akawa wa pili. Mtu mwingine angalikaa kando, akisimulia ushindi wake wa kale. Yeye alishika kazi ya kufundisha.

Siku zile kila mwalimu alifundisha hatua apendavyo. Basi mwaka ule ule wa 1924, Silvester alikuwa miongoni mwa walimu waliokutana kuzipanga: mguu upi utangulie, uelekee wapi, kwa mapigo mangapi. Mwaka 1927 akatoa kitabu, hata aliye mbali na London akaweza kujifunza.

Kisha akaona kwamba santuri haziwafai wachezaji, kwa maana muziki ulikwenda mbio hapa na kulegea pale. Mwaka 1935 akaunda bendi yake mwenyewe, iliyoshika mwendo mmoja tangu mwanzo hata mwisho, na sahani zake zikauzwa kwa mamilioni. Tangu mwaka 1941 alifundisha kwa redio ya BBC, akisoma hatua polepole, kwa imla, ili msikilizaji apate kuziandika. Na tangu mwaka 1948 hata 1975 aliwapigia muziki wasikilizaji wa nchi za ng'ambo kwa maombi yao. Alifariki mwaka 1978.

Ndugu zangu, sisi makarani twaijua imla. Asomaye kwa haraka hapati barua, hupata makosa. Naye bingwa huyu alikubali kusema polepole kwa ajili ya asiyejua.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nilipopata zawadi ya kwanza ya foksitroti katika ukumbi huu, vijana waliniuliza juu ya ule mzunguko wa pembeni. Niliwajibu, "Tazameni tu." Nyumbani nilifurahi kwamba hapana aliyeweza kuuiga. Hata mwenzangu wa dansi alipopata uhamisho, nilitafuta wa kucheza naye, nisimpate. Siri niliyoilinda ilinifunga mimi mwenyewe, na kwa miaka miwili nimeketi kando ya ukuta nikilinda makoti ya wenzangu.

Kikosi hakiwezekani mahali penye siri. Jozi saba zikijua na moja isijue, zote nane zimekosea.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nakubali, kwa sharti moja. Nimeandika hatua zangu zote katika daftari hili, na ule mzunguko umo, ukurasa wa tisa. Namwomba Bwana Katibu alinakili, kila mwanachama apate nakala yake. Jumamosi saa kumi jioni njoni na kalamu kwanza, viatu baadaye. Nami nitasoma polepole.