Ratiba ya Picha na Haki ya Mtoto Kuijua Siku Yake



Jambo nililolichagua jioni hii laweza kuonekana dogo mbele ya hadhara tukufu kama hii, nalo ni kipande cha kadibodi chenye picha ya kikombe, kilichobandikwa ukutani sawa na macho ya mtoto wa miaka minne ili kimjulishe kwamba akisha kunawa mikono atakunywa uji. Dai langu ni kwamba kadi ile, ikitumiwa kwa insafu, humpa mtoto haki ambayo sisi watu wazima hatukubali kunyimwa hata siku moja, yaani haki ya kujua litakalofuata.

Aghalabu mlezi humwambia mtoto kwa pumzi moja anawe mikono, aikaushe, aliweke taulo mahali pake, kisha aje akae mkekani. Na mtoto, ambaye moyoni hana inda wala ujeuri, huonekana mkekani viganja vingali na povu, kwa kuwa neno la mwisho ndilo lililosalia katika fahamu zake. Hapo huitwa mkaidi, naye maskini ametii kila alichobahatika kukishika. Sauti ikishatamkwa imekwisha, ilhali picha hungoja, na mtoto aweza kuirudia mara apendazo bila ya kumkera mtu wala kukaripiwa.

Miongoni mwa walioitia nguvu elimu hii ya ratiba za picha, zinazompangia mtoto siku yake kadi kwa kadi, ni Eric Schopler, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1927 katika jamaa ya Kiyahudi iliyoikimbia nchi ile mwaka 1938 kwa dhuluma ya Wanazi, na ambaye baadaye alikuwa mwanasaikolojia katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani. Zama zile wataalamu mashuhuri, akiwemo Bruno Bettelheim wa Chicago, walishikilia kwamba usonji wa mtoto chanzo chake ni ubaridi wa wazazi, na akina mama wengi wakabebeshwa hatia isiyokuwa yao. Schopler na mwenzake Robert Reichler waliipinga rai hiyo, wakawaita wazazi wale wale waliolaumiwa wawe washirika wao katika kuwafundisha watoto. Na mwaka 1972 baraza la kutunga sheria la jimbo lile likauidhinisha mpango wao, ujulikanao kwa jina la TEACCH, uenee jimbo zima. Walikuwa wamebaini kwamba watoto hao, ambao wengi wao huelewa wakionacho upesi kuliko wakisikiacho, hutulia na kujifunza pale mahali, kazi na mfuatano wa siku vinapodhihirishwa machoni pao. Na kwa kuwa kila mtoto mdogo, mwenye usonji na asiyekuwa nao, hupata taabu kuacha jambo moja na kushika jingine, manufaa ya ratiba hizi yanawafaa wote.

Mtoto asiyefahamu bado kwamba picha husimama badala ya kitu, hupewa kitu chenyewe: kijiko kwa chakula, taulo kwa kuoga. Baadaye hupewa picha iliyopigwa, kisha mchoro, na mwishowe neno lililoandikwa. Mimi napendelea kadi zishuke kutoka juu kwenda chini, hasa kwetu pwani, ambako mtoto mmoja asubuhi hufundishwa kusoma kutoka kushoto, na alasiri, chuoni kwa maalimu, kutoka kulia. Safu ya kushuka haigombani na somo lolote kati ya hayo. Chini ya safu hushonwa mfuko wa yaliyokwisha, na kadi huibandua mtoto mwenyewe. Mtazameni wakati huo: huushika ule mchoro wa kikombe kwa vidole viwili, huutia mfukoni, huupapasa mfuko kuhakikisha umeingia, ndipo huinua macho kutafuta kinachofuata. Hakuna aliyemwamuru. Mwalimu atakayeibandua kadi kwa niaba yake ili kuokoa muda, atakuwa amemnyang'anya kiini cha faida yote.

Lakini nasisitiza sharti moja kwa uzito wote nilionao. Kadi ni ahadi, na ahadi ikivunjwa mara kwa mara, ukuta utabaki na mapambo tu. Masika yakija na mchezo wa uwanjani usiwezekane, kadi ya mpira isitoweke kisirisiri. Iondolewe mbele ya mtoto, aambiwe kwamba mvua imezuia, na mahali pake ibandikwe nyingine, yenye alama maalumu ya mabadiliko aliyokwisha kufundishwa siku ambayo badiliko lilikuwa la furaha. Wala ratiba isifanywe fimbo, kwa kuzing'oa kadi za michezo ili kumwadhibu aliyekosa, maana mtoto akishaufahamu ubao kuwa ni silaha ya wakubwa hatautazama tena.

Kwa anayeanza, kadi mbili zatosha, moja ya kwanza na moja ya kisha: kwanza viatu, kisha bembea. Na kwa kuwa Schopler hakuwatenga wazazi, sisi nasi tusiwatenge. Mwalimu na achore nakala ya kadi zile zile, ampelekee mama, au bibi, au dada wa nyumbani, yeyote anayemwogesha na kumlaza mtoto huyo, aketi naye kitako amwoneshe namna ya kuzitumia, na amwulize picha zipi za usiku zimepungua.