Vidonge vya Kutuweka Macho



Sisi wa zamu ya usiku tumeombwa kusema juu ya vidonge vile ambavyo wengi wetu tunavimeza ili tusisinzie. Vinauzwa pamoja na vitamini na vyakula vya kuongeza nguvu, na juu ya chupa imeandikwa kafeini. Ndiyo ile ile iliyomo katika kahawa na chai, ila kidonge kimoja mara nyingi kina miligramu 200, yaani kama vikombe viwili vya kahawa.

Kafeini haiongezi nguvu yo yote. Mtu akiwa macho, katika ubongo hukusanyika kitu kiitwacho adenosini, nacho hubisha hodi kusema, "Lala." Kafeini hukaa mlangoni, adenosini isiingie. Uchovu unangoja nje, nao unazidi.

Kuingia mwilini ni upesi, dakika 45 hivi. Kutoka ndiyo kazi. Ini huivunja, na figo hutoa mabaki kwa mkojo, lakini kwa mtu mzima mwenye afya hupita saa tano hivi ndipo nusu imekwisha. Basi tufanye hesabu. Umemeza kidonge saa nane usiku. Saa moja asubuhi umejifunika blanketi, na bado una miligramu 100 mwilini, sawa na kikombe cha kahawa. Saa sita mchana, 50. Mwenzetu mmoja alikuwa akiwagombeza watoto kwa kelele za mchana, kumbe kelele anazo mwenyewe!

Ini si moja kwa watu wote. Mvuta sigara huimaliza upesi zaidi. Akiacha sigara, kikombe kile kile humshika sana. Mama mwenye mimba huimaliza polepole, naye huambiwa asizidi miligramu 200 kwa siku. Sisi wengine, 400. Unga wa kafeini tupu tusiuguse kabisa: kijiko cha chai kina zaidi ya 3,000, na mwaka 2014 vijana wawili huko Marekani walikufa kwa unga huo.

Mwezi uliopita mwenzetu alimeza viwili, hakulala mchana kutwa, na usiku wa pili akasinzia wima kati ya mabehewa, taa mkononi. Tulimvuta kwa koti. Ilikuwa zamu yake ya saba mfululizo, bila siku ya kupumzika.

Kwa hiyo tunaomba kila mwanachama aandike saa alizoingia na alizotoka kazini, ampe katibu kabla ya mkutano ujao, ili Kamati iende na karatasi mkononi.