Siku 438 za Gavana Obi



Nimeombwa nizungumzie mfanyabiashara anayegeuka gavana. Nitawapeleka Onitsha, kusini-mashariki mwa Nigeria, ukingoni mwa mto Niger. Soko Kuu la mji ule ni miongoni mwa masoko makubwa ya Afrika Magharibi, na mwenye duka asiyehesabu mzigo wake mwenyewe hakai sokoni muda mrefu.

Peter Obi alizaliwa mjini humo mwaka 1961. Alisoma falsafa Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, akahitimu 1984, kisha akazama katika biashara ya kuagiza na kusambaza bidhaa kupitia kampuni ya Next International. Alifika hadi uenyekiti wa Benki ya Fidelity. Hayo nayapita upesi, maana matajiri walioingia siasa tunao tele. Nimemchagua kwa sababu ya ubishi wake juu ya hesabu.

Mwaka 2003 aligombea ugavana wa jimbo lake la Anambra kwa tiketi ya chama cha APGA. Tume ya uchaguzi ikamtangaza mshindi Chris Ngige wa chama cha PDP. Obi akaenda mahakamani, kesi ikachukua karibu miaka mitatu. Wengi wetu tungechoka tukarudi dukani. Machi 2006 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba mshindi ni yeye, na tarehe 17 akala kiapo. Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo bunge la jimbo likamng'oa. Kiti kikashikwa na naibu wake, Virginia Etiaba, mwanamke wa kwanza kuwa gavana nchini Nigeria. Obi akarudi kortini tena, na 9 Februari 2007 akarejeshwa.

Hata hakupata kupumua. Aprili 2007 tume ikaitisha uchaguzi mwingine, na 29 Mei Andy Uba wa PDP akaapishwa.

Hapa naomba tutulie. Wenye kalamu, andikeni. Toka 17 Machi 2006 hadi 29 Mei 2007 ni siku 438, na siku 99 kati ya hizo Obi alikuwa nje, amefukuzwa. Katiba ya Nigeria inampa gavana miaka minne kuanzia siku ya kiapo. Tume ilihesabu toka 2003, kana kwamba miaka aliyotawala Ngige ilikuwa imeliwa na Obi. Safari hii aliomba jambo moja tu: apewe siku zake zilizobaki. Mahakama za chini zikamkatalia. Tarehe 14 Juni Mahakama ya Juu ikamkubalia, na Uba akaondoka kabla ya kutimiza wiki tatu.

Namheshimu sana kwa uvumilivu huo. Namheshimu pia kwa kuwarudishia makanisa shule zilizotwaliwa na serikali baada ya vita vya Biafra. Kwa sababu hiyohiyo siwezi kumfumbia macho. Mwaka 2021 nyaraka za Pandora zilizovuja zilionyesha kampuni za ng'ambo ambazo hakuzitaja katika tamko lake la mali. Akajibu kwamba hakujua kuwa mali anayomiliki pamoja na familia nayo hutajwa. Jibu hilo halinitoshi. Mtu aliyezidai siku zake zilizobaki bila kuacha hata moja alikuwa na uwezo wa kuuliza.

Turudi kwenye ugavana wake. Februari 2010 alichaguliwa tena. Tarehe 17 Machi 2014, miaka minane kamili tangu kiapo cha kwanza, alimkabidhi ofisi Willie Obiano, naye mtu wa benki. Na wapiga kura wa Anambra mpaka leo humchagua gavana wao nje ya kalenda ya uchaguzi mkuu, kwa sababu saa ya jimbo lao iliwekwa upya na kiapo kile cha Machi 2006.