Usingizi, huzuni nzito na afya ya mwili: duara linaloweza kukatwa

Mada iliyotolewa mbele ya familia za waliohama vita na viongozi wao



Tunapopita kwenu tunauliza habari za chakula, maji na watoto. Mara nyingi jibu linatoka katika mwili: kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unapiga mbio, tumbo linakataa chakula. Tukikaa kidogo, neno lingine linafuata: "Silali." Wengi wanalificha neno hilo. Wanaogopa kuitwa wazimu, au kuambiwa wamerogwa, au kwamba imani yao imepungua. Leo tulizungumze wazi.

Kwanza, tutofautishe mambo. Kukesha usiku ambao risasi zinasikika si ugonjwa. Ni mwili unaolinda watoto. Shida inaanza pale hatari imepita, lakini mwili unaendelea kukaa zamu kila usiku. Tena kuna ugonjwa wa huzuni, ambao madaktari wanauita depresio. Dalili zake ni huzuni, au kukosa hamu ya mambo yote, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, uchovu, kukosa hamu ya kula, kujiona hufai kitu, na hata kutamani kufa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi zilizopitia vita, mtu 1 kati ya 5 anaishi na ugonjwa wa akili wa aina fulani, mkubwa au mdogo. Kwa hiyo mwenye shida hii si peke yake katika kijiji.

Pili, usingizi na huzuni vinavutana. Zamani watu walidhani kukosa usingizi ni tawi tu la huzuni. Mwaka 2011 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walikusanya tafiti 21 zilizofuata watu kwa muda mrefu. Waliona kwamba mtu asiye na depresio, lakini asiyepata usingizi, hatari yake ya kuugua depresio baadaye ni kama mara mbili ya yule anayelala vizuri. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford walichapisha utafiti juu ya wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 vya Uingereza. Waliotibiwa usingizi peke yake walilala vizuri zaidi, na huzuni yao pia ikapungua. Maana yake ni kwamba usingizi ni mlango mmoja wa kuingilia tiba.

Tatu, mwili nao unalipa. Mwaka 2009 huko Pittsburgh, Marekani, watu wazima 153 wenye afya walikubali kutiwa puani virusi vya mafua. Waliokuwa wakilala chini ya saa 7 waliugua karibu mara tatu kuliko waliolala saa 8 au zaidi. Asiyelala kwa muda mrefu, maumivu yake yanazidi, na hatari ya presha ya damu inapanda. Maumivu yanamzuia kulala, asipolala huzuni inaongezeka, na huzuni inamwondolea nguvu ya kwenda shambani au kituo cha afya. Hilo ndilo duara. Maumivu hayo ni ya kweli, si ya kujifanya.

Je, linakatwa? Ndiyo, na ushahidi umetoka hapa kwetu Kivu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti juu ya wanawake 405 waliopitia au kushuhudia ukatili wa kingono. Katika vijiji fulani walipata kikao 1 cha mtu peke yake na vikao 11 vya kundi. Katika vijiji vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Usalama haukuwa kamili katika vijiji hivyo. Hata hivyo, miezi 6 baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili za depresio au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa 100 katika makundi, na 42 kwa 100 katika vijiji vile vingine.

Sasa, ndugu zetu, tufanye nini?

Kwa kila mtu: amka saa ileile kila asubuhi, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Punguza kulala mchana, na acha kahawa na chai kali tangu alasiri. Tenga nusu saa mchana ya kuzungumza mahangaiko yako na mtu unayemwamini, yasikungoje kitandani. Usingizi ukikataa, inuka, kaa kimya, rudi unapousikia. Lutuku na kasiksi vinaangusha mtu, lakini vinavunja usingizi katikati ya usiku. Vidonge vya usingizi vya sokoni vinaweza kukufunga. Usivinywe bila muuguzi.

Kwa familia: msimcheke asiyelala, msimwite mvivu. Akisema anatamani kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Na maumivu yoyote yapimwe kwanza, kwa sababu malaria na presha pia vipo.

Kwa viongozi: usingizi ni jambo la amani. Mtu aliyekesha wiki nzima hukasirika upesi, na tunaona ugomvi wa bombani unavyogeuka kuwa ugomvi wa makabila. Pangeni zamu za usiku zinazoaminiwa na pande zote, ili wengine walale. Wajane na wasichana wasiwekwe pembeni penye giza. Kelele za muziki zikome mapema. Kesi nzito zisikilizwe asubuhi, si usiku. Mpeni muuguzi na wasaidizi wa kijamii mahali pa kukutana na makundi, penye siri.

Hatuwezi kuwaahidi kwamba vita vitakwisha kesho. Lakini hatuna sababu ya kungojea amani ya nchi nzima ndipo tuanze kulinda usiku wa jirani. Tuanze na nyumba moja, kisha ya pili.

Amani iwe nanyi, na mlale salama.